Majibu Yetu Mmeyapeleka Wapi?

Hotuba kwa walimu, wakulima na viongozi wa gombolola, Kasese, magharibi mwa Uganda

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama madirishani kwa kukosa viti: wasingya. Asanteni kwa kuja.

Niliombwa nizungumze kwa Kiingereza kisha nitafsiriwe. Niliomba radhi, nikakataa. Mimi nimezaliwa Kilembe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, enzi ambazo shaba bado ilikuwa inatoka. Jirani yetu wa kulia alikuwa Mkiga, wa kushoto alikuwa Mluo kutoka Kenya, na mbele yetu iliishi familia kutoka Kongo. Mama zetu waliazimana chumvi kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la nyumbani kwao likitajwa redioni. Na leo nataka kuwaeleza utafiti wa vyuo vikuu kuhusu mlima huu wa Rwenzori na mito hii kwa lugha hiyo hiyo tuliyoazimana chumvi.

Nianze na jambo linalonisumbua.

Tarehe 1 Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika. Nyote mnaikumbuka siku hiyo. Mawe makubwa kama nyumba yaliviringika, magogo yakashuka, hospitali ya Kilembe ikajaa matope. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Nilirudi nyumbani wiki chache baadaye nikiwa na fomu za maswali mkononi na futi ya kupimia mfukoni. Nilimkuta mama mmoja ambaye jikoni kwake maji yalikuwa yameingia na kutoka. Nikamuuliza maji yalifika wapi. Akanionyesha mstari alioupiga ukutani kwa mkaa, asubuhi ile ile, kabla matope hayajakauka. Ulikuwa usawa wa kifua changu. Nikapima, nikaandika, nikaendelea na maswali hadi fomu ikaisha.

Nilipokuwa nafunga begi, akaniambia: “Mwanangu, wiki iliyopita walikuja wengine na karatasi kama hizi. Kabla yao walikuja wengine. Majibu yetu mmeyapeleka wapi?”

Nikamjibu yatasaidia serikali kupanga.

Akasema: “Sikukuuliza yatafanya nini. Nimeuliza yako wapi.”

Sikuwa na jibu. Tasnifu yangu iliandikwa, ikapita, ikafungwa kwa jalada gumu, ikawekwa kwenye rafu. Nakala moja haikufika Kilembe. Hakuna aliyenizuia kuileta, sikuileta. Mei 2020 mto ulirudi, na ule ukuta wenye mstari wa mkaa ukaenda na maji. Mama mwenyewe alinusurika, namshukuru Mungu. Lakini kile kipimo chake, ushahidi alioutunza kwa mkono wake, kilibaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kitabu ambacho yeye hajawahi kukiona.

Ndiyo maana leo sitawaambia kwamba vyuo vikuu vyetu havina wataalamu. Wapo, na wengi ni hodari kweli kweli. Ninachotaka kuwaonyesha ni nini wamekwisha kukijua kuhusu bonde hili, kwa sababu ni mali yenu. Kilitoka kwenu.

Tuanzie juu kabisa, kwenye theluji. Wazee wetu Bakonzo wanasema huko anakaa Kithasamba, mungu wa mlima, na ile nyeupe, nzururu, ni yake. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda hadi vilele vile, mizigo ikiwa migongoni mwa babu zetu. Alikuwa na mpiga picha hodari, Vittorio Sella. Zile picha zimekuwa hazina kubwa, maana ndizo zinazotuonyesha barafu ilipoishia mwaka ule. Watafiti waliofuata walikadiria kwamba wakati huo barafu ya Rwenzori ilienea kiasi cha kilomita za mraba 7.5. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Makerere ikiwa bado chuo kichanga chini ya Chuo Kikuu cha London, timu zake zilipanda mara kadhaa kupima barafu hiyo. Naomba vijana mlisikie hilo vizuri: zaidi ya miaka 60 iliyopita, chuo chetu wenyewe kilikuwa kinapima barafu kwenye Ikweta. Ilipofika 2003, vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba iliyobaki haifiki hata kilomita moja ya mraba. Tangu hapo imeendelea kupungua.

Mtoto anayesoma darasa la kwanza hapa leo anaweza kuja kuwa mzee asiyekuwa na barafu ya kuwaonyesha wajukuu zake. Nikisema hivyo moyo unauma. Joto linaloyeyusha barafu ile halikuwashwa Kasese. Limewashwa na viwanda, magari na mitambo ya nchi zilizotutangulia kutajirika, na tuna haki ya kulisema hilo katika kila mkutano tunaoalikwa.

Lakini hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayopotoshwa sana, hata na watu wenye nia njema. Nimesikia redioni, nimesikia kanisani, nimesikia hata kwa wanafunzi wangu: “Barafu ikiisha, mito yetu itakauka.” Na wengine: “Mafuriko yanatokana na barafu kuyeyuka.” Watafiti wa Uganda na Uingereza walikwenda kupima. Walipima maji yanayotoka kwenye barafu, wakapima Mto Mubuku unapofika chini ya mlima, na mwaka 2009 wakachapisha walichokikuta. Maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji ya mto. Si masika, si kiangazi.

Basi maji mengine yote yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mvua. Mvua inayonyesha msituni, kwenye mianzi, kwenye vile vinamasi vya juu ambavyo ukikanyaga unazama hadi magotini. Waliowahi kufanya kazi ya kubeba mizigo ya watalii wanavijua vizuri kuliko mimi. Vinamasi vile ni sifongo. Vinafyonza mvua ya siku moja na kuiachia taratibu kwa majuma. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mubuku akifungua mfereji wake mwezi wa kiangazi, anachoshukuru ni sifongo lile.

Mnaona kwa nini nimelikalia jambo hili? Kama maji yetu yangetegemea barafu, tungekaa tu tukilia, maana barafu hatuna uwezo nayo. Kumbe maji yetu yanategemea misitu, vinamasi, na majani ya mlimani. Hayo tuna uwezo nayo.

Na kinyume chake pia ni kweli. Turudi kwenye mafuriko ya 2013. Watafiti walioyachunguza baadaye hawakukuta sababu moja. Walikuta mvua kubwa iliyonyesha kwa muda mfupi. Walikuta kuta za bonde zilizoporomoka na kumwaga udongo na mawe mtoni. Na walikuta jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau: mwaka uliotangulia, moto ulikuwa umeteketeza sehemu ya bonde la juu la Nyamwamba. Pale ambapo majani na mizizi vilikuwa vinashika maji, palibaki majivu na miti iliyokufa. Mvua ilipokuja haikukuta kizuizi. Magogo mliyoyaona yakigonga daraja yalikuwa na historia yake.

Ongezeni na mgodi. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956 hadi 1982, reli ikaletwa hadi Kasese kwa ajili yake, na mabaki ya mawe yaliyosagwa yakaachwa yamerundikwa kando ya mto. Baba yangu alilisha watoto wake kwa mgodi ule na siwezi kuudharau. Lakini mto ukifurika unayala yale mabaki na kuyapeleka mashambani. Watafiti wamepima udongo na maji katika bonde hili na kukuta shaba na kobalti kwa viwango vya kutia wasiwasi. Kwa hiyo mafuriko yakipita, usidhani yamepita. Kuna kilichobaki kwenye mchicha.

Kuna kingine kilichobaki: mbu. Madaktari na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, walichukua madaftari ya kituo cha afya cha Bugoye, wakalinganisha vijiji vilivyo kando ya mto uliofurika na vijiji vilivyo mbali nao, kabla na baada ya mafuriko ya 2013. Katika vijiji vya kando ya mto, uwezekano wa mtu aliyepimwa kukutwa na malaria uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 30. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016 na kusomwa sehemu nyingi za dunia. Na umejengwa juu ya nini? Juu ya daftari ambalo muuguzi wa Bugoye alikuwa akilijaza kila siku, mstari kwa mstari, huku foleni ikimngoja. Kama yupo hapa leo, au mwenzake yupo, namwomba asimame tumpigie makofi. Bila mwandiko wake, hakuna utafiti.

(Walisimama wawili.)

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu tumewahi kuwaudhi watu kwa hesabu. Wahandisi wana usemi wao: “mafuriko ya miaka 100.” Mtu akisikia hivyo anaelewa nini? Anaelewa kwamba yakija leo, yatakuja tena mjukuu wake akiwa mzee. Anajenga upya palepale. Miaka saba baadaye maji haya hapa. Anasema wataalamu ni waongo, na mimi simlaumu.

Walichomaanisha ni hiki. Chukua mfuko, weka maharage 100. Tisini na tisa ni meupe, moja ni jekundu. Kila mwaka ingiza mkono bila kuchungulia, toa harage moja. Likiwa jeupe, mwaka umepita salama. Likiwa jekundu, mto umekuja. Kisha lirudishe mfukoni. Hapo ndipo penye siri: linarudi. Mwaka kesho lile jekundu limo tena, na hakuna kinachozuia mkono wako kulishika mara mbili mfululizo.

Na mabadiliko ya tabianchi yanafanya nini? Yanaongeza maharage mekundu mfukoni. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka unashuka kwa kishindo. Moto ukiteketeza mlima, jekundu lingine. Ukilima hadi kwenye kingo za mto, jekundu lingine. Walimu, nawasihi, lipelekeni zoezi hili darasani. Halihitaji umeme wala kompyuta, na watoto wakimaliza wanaweza kupika.

Tusijitazame sisi peke yetu. Mlima Elgon una habari inayonikosesha usingizi. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Uganda na Ubelgiji, walichapisha kazi yao kuhusu maporomoko ya ardhi katika eneo ambalo sasa ni Bududa. Walikuwa wametembea kwa miguu na kuchora ramani ya maporomoko 98, moja baada ya jingine. Walieleza ni miteremko ya namna gani inayoporomoka: ile mikali, iliyobonyea kama kiganja, inayoikabili mvua. Walieleza kwamba kuchimba mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba kunaulegeza. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Machi 2010, mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu wakafukiwa.

Sisemi kwamba utafiti ule ungewaokoa wote. Kumhamisha mtu kwenye ardhi ya babu yake ni jambo zito, na mara nyingi mtu anajua hatari na bado hana pa kwenda. Ninachosema ni kwamba jarida lile limeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na kulisoma kwa intaneti kunahitaji malipo. Mtu aliyeishi juu ya mteremko uliochorwa kwenye ramani alipaswa kuiona ile ramani. Haki hiyo haina mjadala kwangu. Mteremko wake ulipimwa, na majibu yakaenda kukaa mahali ambapo mlangoni panadaiwa dola.

Inawezekana kufanya tofauti, na imeshafanyika hapa hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kule Fort Portal, kilianza mwaka 2005 kama chuo cha jamii. Mwaka 2017, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, waliwapa mafunzo watu 15 wa milima hii wawe waangalizi wa majanga. Watu wanaoishi huku. Kila mmoja alipewa simu, akafundishwa namna ya kwenda penye maporomoko au mafuriko, kupiga picha, kupima, na kutuma taarifa. Kabla ya hapo, tukio lisilokuwa na vifo vingi halikuandikwa popote; lilibaki kwenye mazungumzo ya kijiji, kisha likasahaulika. Sasa linaandikwa na jirani. Mlima ulipoporomoka Kasika, Rukoki, Septemba 2022, tulilia tena. Lakini siku hizi hata maporomoko madogo yanayotangulia makubwa yanaweza kupata mtu wa kuyaandika, na mtu huyo anajua njia ya kufika bila kuuliza.

Kampala nako, Makerere wana mradi wa AirQo, ulioanza 2015. Walitengeneza wenyewe vifaa vya kupimia uchafu wa hewa, vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi na joto letu. Vingine wakavifunga kwenye boda boda, vikazunguka mji mzima. Kinachonivutia zaidi kuliko vifaa ni kwamba vipimo vinarudi kwa watu kwenye simu. Mama wa Kampala mwenye mtoto wa pumu anaweza kufungua simu na kujua hewa ya leo ikoje. Ameulizwa, na amejibiwa.

Sasa ninawageukia wenzangu wa vyuo vikuu, maana naona wachache mko hapa. Mwanafunzi akija kwako na pendekezo la utafiti, unamuuliza atakusanya vipi takwimu. Muulize na hili: atazirudisha vipi, kwa nani, kwa lugha ipi, lini? Iwe sura ya mwisho ya tasnifu, yenye maksi zake. Ukurasa mmoja kwa Lhukonzo, mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwenye kituo cha afya. Asiyerudisha, asihitimu. Najua kuna watakaosema huo ni mzigo. Mzigo mkubwa zaidi aliubeba yule mama aliyekaa saa mbili akijibu maswali yangu wakati nyumba yake ina matope.

Na nyinyi mlionikaribisha, ninawaomba kitu kigumu kidogo. Mtafiti akija, msimjibu kwanza. Mwulizeni yeye. Nani aliyetangulia kuuliza haya? Walikuta nini? Utarudi lini? Akishindwa kujibu, mpeni chai, mwambieni akasome kwanza. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 imeshusha majukumu hadi wilayani, na ofisi ya mali asili ya wilaya inaweza kuwa mahali pa kutunzia nakala za kila utafiti unaofanywa hapa. Kabati moja linatosha kuanzia. Leo nimeleta tasnifu yangu na nyingine sita za wenzangu kuhusu bonde hili. Zipo kwenye lile boksi pale mezani, na mheshimiwa ameshatia sahihi ya kuzipokea.

Walimu wa shule za kando ya mto, nimewaletea pia vipima mvua. Ni vyepesi kutumia: kila saa tatu asubuhi mtoto asome milimita, aandike kwenye daftari, amwage. Hata Jumapili, hata likizo, hata siku ambayo haikunyesha, aandike sifuri. Sifuri nayo ni kipimo. Mlima huu una mabonde ambayo mvua yake haijawahi kuandikwa na mtu, na mvua ya bonde moja siyo ya bonde la pili. Mnalijua hilo, mmewahi kuona Kilembe kunanyesha huku mjini vumbi linapaa. Miaka kumi ya daftari la shule ya msingi itamfundisha mtaalamu yeyote duniani jambo ambalo setilaiti haimwambii.

Nimemaliza maneno, imebaki kazi moja. Baada ya chai tutatembea pamoja hadi mtoni. Mwenzangu mpima ardhi amekaa huko siku mbili, amevihamisha vile vipimo vya kwenye tasnifu hadi kwenye ukuta wa mawe ulio karibu na daraja, ule ambao haukuenda na maji. Tumenunua kopo la rangi nyekundu. Tutapiga mstari wa 2013 na mstari wa 2020, tuandike na tarehe, ili kila anayevuka kwenda sokoni aone maji yalifika wapi. Brashi tumemkabidhi yule mama wa mstari wa mkaa. Ametangulia, anatungoja.